Kovu kwenye Sabuni

Mwanaidi aliweka kipande cha sabuni mbele ya karani wa ofisi ya kusajili alama za biashara. Katikati ya sabuni palikuwa na alama ya dole gumba, na kovu limeikata kama njia ya siafu. Wateja walinunua kwa kuiangalia hiyo. Sasa jirani aliyeiiga alishaleta maombi, na akikubaliwa, Mwanaidi hatauza tena.

"Alama ya nani, dada?"

"Yangu. Ilikuwa ya dole la mama, marehemu Bi Kibibi."

"Haya. Jirani yako alibonyeza hapa, dole likatoka laini kama yai. Nikamrudisha na aibu zake." Karani akamsogezea sponji ya wino. "Zamu yako."

Mwanaidi akabonyeza. Dole likatoka safi, kovu hamna.

Karani akaangua kicheko. "Kumbe nawe! Hii sabuni ya lini?"

"Ya jana."

"Na mama kafa lini?"

"Mwaka wa tatu huu." Mwanaidi akaigusa sabuni. "Nabonyeza kwa dole langu hilihili, bwana. Asubuhi nikija kuzianua, zote zina kovu."

Karani akaacha kucheka. Akavuta fomu, akaandika polepole huku akisoma: "Mwenye alama, Bi Kibibi. Wewe siwezi kukuandika, dada. Mwenyewe ndiye aje atie dole."

"Aje vipi?"

Macho ya karani yalikuwa kwenye sponji ya wino, iliyokuwa ikibonyea taratibu, pasipo mkono wa mtu.