Ukuta wa Mbao

Bibi katibu alifungua mlango wa kanisa, akaingia, akaubamiza. Akatoka, akavua viatu vizito, akavaa ndala, akaingia tena. Akaubamiza. Mara tisa. Wa upande wa pili wajue kuwa washirika wamefika.

Upande wa pili ulikuwa hapo hapo, nyuma ya ukuta wa mbao uliogawa jengo katikati. Dhehebu lao lilianza na watu arobaini waliojitenga na kanisa kubwa. Kisha wakagombana wenyewe kwa wenyewe: kuomba ni kwa kupiga magoti au kwa kusimama? Wa magoti wakabaki huku na katibu. Wa kusimama wakaenda kule na mchungaji, mdogo wake wa kiume. Ukuta ukapigwa misumari, salamu zikakatwa. Miaka thelathini! Kwa magoti tu, jamani.

Wa huku walikufa mmoja mmoja, wengine wakahama. Siku hizi, kwenye daftari la historia ya kanisa, kila Jumapili katibu aliandika: "Waliohudhuria: mmoja." Upweke ulimtafuna, lakini afadhali hivyo kuliko mdogo wake ajue.

Kule wakaanza kuimba. Kwaya nzima! Wimbo uleule wa kufungulia ibada, na kabla ya ubeti wa tatu mtu akakohoa, kama kawaida.

"Miaka yote hii hawajampeleka hospitali?" alinung'unika.

Aliyemuumiza hasa ni yule msichana wa sauti ya juu. Enzi zake naye aliimba hivyo.

Leo, baada ya kuomba, magoti yalikataa kuinuka. Alishika benchi, akajivuta, akakaa, akalia. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Bora kudharauliwa na watu kuliko kuheshimiwa na mabenchi. Akachukua daftari lake, akajikongoja kuzunguka nje, akasukuma mlango wa wale wa kusimama. Wakitaka kumfukuza, basi na wamfukuze.

Ndani mlikuwa na mabenchi matupu na mdogo wake, mzee mzima sasa, ameinamia redio ya kaseti. Alishtuka, akabonyeza kitufe. Kwaya nzima ikanyamaza.

"Dada," alisema, machozi yakimlengalenga, "hii tulirekodi kabla hatujagawanyika. Huyo wa sauti ya juu si wewe?" Kisha akachungulia nyuma ya dada yake kwa woga. "Na wenzako wote wale, wamekuruhusu kuja?"