Piano Isiyo na Paji la Uso

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Tiketi za onyesho la jazi zilikuwa za bure, ukumbi ukafurika. Mpiga piano alibaki kwao ng'ambo. Alipiga akiwa huko, na mtambo ukambonyezea vitufe hapa ukumbini, mbele ya kiti kitupu. Hadi jana Mashavu ndiye aliyekikalia kiti hicho na kupata riziki yake.

Watu walipanda kutunza, kama ilivyo desturi. Walipokosa paji la uso la kubandika noti, wakazibandika kwenye piano kwa mate.

"Mtunze, shoga, anatuona!" jirani aliyeketi kando yake akamhimiza Mashavu.

Mashavu akainuka. Akapanda jukwaani, akashusha kifuniko cha piano. Vitufe vikaendelea kufurukuta chini yake kama panya guniani.

"Dada, umemvunjia mgeni heshima! Muombe radhi!" meneja akafoka.

Mashavu akaketi kwenye kile kiti kitupu.

"Mgeni gani? Siombi."