Jambo la Mtoto Haliulizwi kwa Simu

Kidato cha sita waliitwa kurudi shule Jumatatu, na Jonasi alikuwa bado hajaamua kama binti yake aende au abaki. Akienda, ataambukizwa korona. Akibaki, atakosa mtihani wa mwisho, ambao ulikuwa umebakiza mwezi mmoja tu.

“Bweni moja vitanda arobaini,” alisema mkewe, Irene. “Mmoja akipiga chafya Jumatatu, Jumatano wote chali.”

“Na mtihani je?”

“Si wewe ndiye baba? Amua.”

Lakini kwao Jonasi, milimani Ileje, baba haamui jambo la mtoto peke yake. Anauliza ukoo. Na ukoo unaulizwa ukiwa umekaa kwenye kigoda, kikombe mkononi.

“Baba, wapigie tu,” alisema Gwantwa. “Wote wana simu.”

“Simu ni ya kuulizia bei ya mahindi. Mtu akikwambia ‘hakuna shida’ kwenye simu, uso wake utauonea wapi?”

Jumanne akafunga stoo yake pale Tunduma, ambako wiki nzima alikuwa anapakia magunia bega kwa bega na madereva waliokwama foleni ya mpakani. Irene akamtilia mfukoni barakoa tatu na chupa ya dawa ya mikono. Jonasi hakuwa mtu wa kudharau ugonjwa. Ndani ya basi alijifunika mpaka machoni. Akifika kwa mtu ndipo anavua, maana huwezi kuingia kwa shangazi yako umeficha uso kama mwizi wa kuku.

Shangazi Ikupa, pale Ihanda, alimkumbatia mpaka kofia ikadondoka. Akamwekea chai.

“Shangazi, siku hizi mnapika chai bila tangawizi?”

“Nimeponda kipande kizima, mtoto wewe! Ulimi wako umeuuza kwenye hoteli za Tunduma.”

Wakacheka. Jonasi akakohoa, akalaumu vumbi la mahindi, akaeleza shida yake.

“Mpeleke,” alisema shangazi. “Ugonjwa unakufuata hata kitandani. Mtihani haukufuati.”

Igamba, kwa shemeji yake Boazi, mambo yakawa mengine. Walikula ugali sahani moja, na Boazi alipomaliza kulamba vidole akasema, “Mzuie. Mtihani upo na mwakani. Mapafu yakishakwenda, yamekwenda.”

Mmoja huku, mmoja kule.

Chitete alifika mgongo umekatika. Barabara ile haina huruma na mtu wa miaka hamsini. Mdogo wake Hezron alimchinjia jogoo, na Jonasi akabakiza paja zima, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu azaliwe.

“Kaka, umeacha paja?” Hezron aliuliza. “Nimwite mchungaji?”

“Mawazo, mdogo wangu. Nina mtoto wa kidato cha sita.”

Alilala pale siku mbili, watoto wa Hezron wakimkanda miguu kwa zamu. Hezron hakuwa na msimamo. Asubuhi alisema aende, jioni alisema abaki. Jonasi akamhesabu nusu huku na nusu kule.

Jumamosi akapanda Ileje, kwa kaka yake mkubwa, Enoka. Neno la Enoka ndilo la mwisho, na alilitoa polepole, kama mtu anayevua kiatu kinachobana.

“Umetembea nyumba zote?”

“Zote, kaka.”

“Basi umefanya kama baba. Mtoto aende. Lakini awe mwangalifu, huko shule wamechanganyika watoto wa kila mahali.”

Jonasi alirudi Tunduma Jumapili amechoka hoi, lakini moyo mweupe. Irene alikuwa amekwisha funga sanduku: sabuni sita, malimao, kikombe cha peke yake chenye jina.

“Usimpe mtu mkono,” Irene alimwambia binti yake. “Usinywe kikombe cha mtu. Mwenzako akikohoa, toka nje.”

“Mama, nimesikia mara kumi.”

Asubuhi ya Jumatatu, kabla Gwantwa hajaondoka, Jonasi alimfanyia kama marehemu baba yake alivyokuwa akimfanyia yeye kila aendapo safari ndefu. Alijaza maji kinywani, akampulizia usoni.

“Nenda ukafaulu,” alisema.

Siku ya saba matroni wa shule akapiga simu. Gwantwa ana homa, wamemtenga chumba cha peke yake.

“Nilisema!” Irene alipiga paja. “Nilisema, Baba Gwantwa! Shule imetuambukizia mtoto!”

“Nyumbani kulikuwa na mgonjwa?” matroni aliuliza.

“Kwangu?” Jonasi alifoka. “Sisi kwetu wazima! Mtoto nimewakabidhi mzima! Vitanda arobaini chumba kimoja, halafu unaniuliza mimi?”

Alikata simu kwa hasira. Ikalia tena papo hapo. Alikuwa mjukuu wa Shangazi Ikupa, kutoka Ihanda: bibi amepelekwa hospitali tangu juzi, hapumui vizuri. Jonasi hajaiweka chini, simu ya Igamba ikaingia. Boazi mwenyewe, lakini kikohozi hakikumruhusu kumaliza salamu. Saa nne ikaja ya Chitete. Saa sita ikaja ya Ileje.

Irene alisikiliza zote nne. Ile ya mwisho ilipokwisha, alimtazama mumewe, akasogeza kiti chake mpaka mlangoni.

Gwantwa alipona, akafanya mtihani wake wote. Igamba waliugua watano. Chitete sita, pamoja na watoto wote wa Hezron. Ileje wanne. Bwenini wasichana kumi na mmoja, wote wa vitanda vya karibu na Gwantwa. Ihanda mmoja tu, naye akazikwa Alhamisi.