Neno la Siri la Mtaa Mzima

Bwana Bundi alikuwa amesimama juu ya stuli, laptop mkono mmoja, ruta mkono wa pili, akiizungusha laptop hewani kama anayetafuta mahali pa kutundika picha. Kwenye skrini, kiduara cha kusubiri kilizunguka tu.

"Mtaalamu wa mitandao ya kompyuta," alijiambia. Ndivyo alivyojiita kwenye barua ya kuomba kazi. "Mtaalamu wa stuli, labda."

Mahojiano yalikuwa saa nne, kwa video. Chuo kimoja cha ufundi mjini Embu kilitaka mtu wa kusaidia walimu na wanafunzi wenye shida za kompyuta. Tangu shule aliyokuwa akifundisha ifungwe, nyumba yao ya hapa Manyatta ilikuwa ikiendeshwa na saluni ya mkewe, Igoki. Bundi alipika, akafua, akatengeneza simu za watu akalipwa asante. Aliitaka kazi hii kuliko alivyothubutu kumwambia mtu, na aliogopa. Alikuwa hata ameliombea jopo la mahojiano, hasa mwenyekiti wake, Bi. Gladwell Ruguru, ambaye hakuwahi kumwona.

Alikuwa amejaribu yote. Alizima ruta akaiwasha. Alizima laptop akaiwasha. Aliondoa kitambaa cha kufuma ambacho Igoki alifunikia ruta isiingie vumbi, kisha akaondoa na kingine kilichokuwa chini yake. Wapi! Mwishowe alishuka chini, akafungua mipangilio ya ruta kuona ni nani aliyekuwa ndani. Majina ya simu za majirani yalijaa kwenye orodha hadi akachoka kuyasoma.

"Igoki! Mtaa mzima uko kwa waifai yetu!"

"Si wewe uliwapa?" Igoki alikuwa akifunga viatu aende kazini. "Siku ya jumuiya hapa kwetu. Ulisoma password kwa sauti baada ya sala ya kufunga."

"Nilikuwa nasomea mgeni mmoja tu aliyeuliza."

"Na ukarudia, ndio wa nyuma wasikie."

Ilikuwa kweli. Hapa mgeni hanyimwi chai, na siku hizi chai haijakamilika bila waifai. Tena Bundi, asiye na mshahara wa kujivunia, alikuwa amefurahi sana kuwa na kitu ambacho watu walikihitaji. Alisimama mbele ya wana jumuiya akiitaja password herufi kwa herufi, kifua mbele, na makofi akapigiwa.

Igoki alimtakia heri, akaondoka. Bundi akabadilisha neno la siri. Simu ya jirani Kithaka ikatoka, televisheni ya kina Munene ikatoka, wakaisha wote. Intaneti ikaanza kukimbia. Alicheza kidogo peke yake sebuleni, akajiona mjinga, akacheza tena.

Hodi ikapigwa.

Alikuwa Mama Oscar, jirani wa ng'ambo ya ua wa miiba ya kayaba. Tangu mama huyo ahamie hapo, Bundi alimjua kwa maziwa yake mazuri na kwa ng'ombe wake, ambaye akicheleweshewa majani ya nepia alilia hadi kanisani wakamsikia. Leo Mama Oscar alikuwa amevaa blauzi nyeupe, kola imepigwa pasi ikasimama, na chini gamubuti zenye matope.

"Baba Carol, habari ya asubuhi? Kwako iko na network? Kwangu imepotea tu ghafla, na niko na kamkutano."

Bundi aliitazama ile kola. Mkutano wa chama cha maziwa, bila shaka. Chama kingeweza kusubiri. Na akimpa huyu, Kithaka angejua kabla chai haijapoa, na mtaa mzima ungerudi ndani.

"Wah, Mama Oscar, hata kwangu imekufa kabisa." Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Itakuwa ni hao watu wa kampuni. Jaribu tu bando za simu."

"Haki? Sasa kama wewe fundi umeshindwa, mimi ni nani?" Alicheka, akamshukuru, akarudi kwake mbio mbio na gamubuti zake.

Bundi alifunga mlango akiwa na haya tele. Aliapa kwamba jioni angempelekea neno jipya la siri, yeye peke yake, na mkate. Kisha akanyoosha tai.

Saa nne, nyuso mbili zilitokea kwenye skrini, angavu hata ungeweza kuhesabu nywele. Bundi aliketi wima kwa fahari.

"Samahani kidogo, Bwana Bundi," alisema mwanamume wa jopo. "Mwenyekiti wetu ako na shida ya network. Anajaribu kuingia na simu."

"Hakuna shida kabisa," Bundi alisema kwa ukarimu mkubwa. "Haya mambo hutokea. Mara nyingi huwa ni kitu kidogo tu."

Walicheka kwa upole. Ilianza vizuri. Hata woga wake ulipungua.

Kisanduku cha tatu kikafunguka, cheusi, kikikwaruza. Nje, ng'ombe wa Mama Oscar akalia. Bundi alinyoosha mkono kufunga dirisha wasije wakadhani yuko zizini. Kabla hajalifikia, ng'ombe alilia tena, sauti ile ile, lakini sasa ndani ya laptop.

Mkono ulibaki hewani. Kisanduku kiling'aa, ikatokea kola nyeupe iliyosimama. Mwenyekiti alimtazama Bundi, akaona picha yake ilivyokuwa angavu bila kukwama, akamtazama tena kwa muda mrefu.

"Bwana Bundi," alisema Bi. Gladwell Ruguru, "tuanze na swali rahisi. Jirani amekuja mlangoni kwako, network yake imepotea. Utamsaidiaje?"