Mtihani wa Tatu wa Injini ya Mashua

"Nikizama, umefeli," alisema Mtahini, akikaza jaketi lake la kuokolea mpaka likamfika masikioni.

Fundi cherehani akavuta kamba ya kuwashia. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akaikamata kamba upya. Kaka yake mkubwa alishakata shauri: akifeli na mara hii ya tatu, mashua ya tanga waliyoachiwa na marehemu baba yao inauzwa wiki hiyo hiyo. Aliipenda mashua ile kuliko cherehani yake, na cherehani ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

"Gia iko huru?"

"Iko huru, mzee."

Akavuta tena. Ikanguruma. Maji yakatibuka nyuma yao, mashua nzima ikatikisika, na Mtahini akakumbatia mlingoti kwa mikono miwili.

"Kwa nini umechagua hii ndogo?" akauliza, macho kafumba.

"Mashua yenyewe nyepesi, inavutwa na gari dogo, mzee. Injini nzito ingeikalisha kitako, tukanywa maji."

"Na shingo ndefu ya injini, ya nini?"

"Wimbi likiinua nyuma, rafadha inayosukuma maji isibaki inapiga hewa."

Jibu lilikuwa zuri, ila Mtahini hakuweza kuliandika. Mikono yote miwili ilikuwa bado imekumbatia mlingoti. Jasho lilimtiririka na upepo wote ule. Fundi alimwonea huruma, lakini hakupunguza moto wa injini hata chembe. Mtihani uliopita alipunguza bila kuamriwa, akapigwa sifuri.

"Kata kushoto!" Mtahini akapiga ukelele. "Kuna mama mbele yetu, humwoni?"

Fundi akasukuma mkono wa injini upesi. Yule mama akawapungia, akapita salama.

"Mzee, tazama mbali. Usitazame chini."

"Nina watoto wadogo mimi!" Mtahini sasa alikuwa karibu kulia. "Umefaulu. Umefaulu, mwanangu! Nifikishe nchi kavu."

Akatia sahihi ovyo ovyo. Fundi akazima injini, machozi ya furaha yakimlengalenga. Mashua haiuzwi tena. Akamshika Mtahini mkono, akamsaidia kuvuka ukingo, mguu mmoja kwanza, halafu wa pili.

Mke wa kaka yake Fundi akachungulia dirishani.

"Mmefika salama? Basi ondoeni hilo pipa la maji mlilotumbukizia injini na hiyo trela ya mashua, mmeniziba mlango wa jiko tangu asubuhi."