Saa ya Siku ya Harusi

“Hii haikuanguka,” alisema fundi Abdulbasit, kioo cha kukuzia kikiwa bado jichoni. “Hii imefinywa kwa koleo.”

Lamis alikuwa amekaa kwenye kibao mlangoni mwa kibanda cha fundi, Mji wa Kale, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya buibui. Juu ya kitambaa cheupe ilikuwa imefunguliwa saa ambayo wanaume wengi huiona kwenye picha tu: ya Uswisi, yenye viduara vitatu usoni na mshale mwembamba mwekundu wa kupimia mbio. Saa yenyewe ilikwenda. Ule mshale mwekundu ndio uliokataa.

“Watoto hao,” fundi alisema. “Nyumba yenye watoto hakifichiki kitu.”

“Sina watoto.”

Fundi alikohoa kidogo, akainamia kazi yake.

“Itakuwa tayari kabla ya saa tano?” Lamis aliuliza.

“Saa tano ya leo? Dadangu, springi ya kitufe hiki cha mshale yatoka Dubai. Wiki tatu, nne.”

“Leo, fundi. Amesema isipokwenda yote, haipokei. Tangu asubuhi nimepita kwa mafundi wanne. Umebaki wewe.”

“Bwanako?”

“Hussam. Ndiyo.”

“Si umwombe akungoje hata kesho?”

“Hangoji. Nikikosa leo, nimekwisha.”

Nyuma yake alikuwa amesimama mtu mnene aliyekuja kubadilisha betri, Nicanor, karani wa ghala moja huko Shimanzi. Muda wote huo alikuwa akiitolea macho saa ile.

“Mama, hiyo nimeitafuta miaka kumi,” alisema. “Hata ikiwa imeharibika hivyo, naichukua. Nakupea bei ya pikipiki mpya, leo leo.”

“Siuzi, kaka. Nisamehe.”

“Chukua pesa, dadangu,” Abdulbasit alicheka. “Mnunulie bwana nyingine, kinachobaki ujipambie. Siku hizi nani ahitaji saa? Watu waangalia simu. Na huu mshale wa mbio atapimia nini? Yuwakimbia mbio, bwanako?”

“Ataka hii hii. Kama ilivyotoka.”

“Zawadi ya harusi?”

“Ilitoka siku ya harusi.”

“Ahaa.” Uso wa fundi ulilainika. Akavuta droo iliyojaa saa zilizokufa, akachomoa springi moja, akaanza kuipiga tupa taratibu. Ilikuwa nyembamba kama unywele. Lamis aliitazama bila kupepesa.

Ikakatika.

“Ya Rabbi,” Lamis alinong’ona.

Fundi aliichagua nyingine. Hiyo ilikuwa nene, haikuingia. Ya tatu ikaingia, lakini kitufe kilipobonyezwa hakikurudi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Abdulbasit aliweka kibano chini, akajifuta jasho.

“Dadangu, nimejaribu.”

Lamis aliitazama saa iliyo kwenye kitambaa, kisha ile ya ukutani. Alibaki pale pale kibaoni.

“Haya, usijitese hivyo,” fundi alisema kwa upole. “Nenda kamweleze. Ni mtu, ataelewa. Hakuna mume wa kumwacha mke kwa ajili ya saa.”

Hapo Lamis akalia. Alijifunika uso kwa mtandio, akalia bila kujali wapita njia.

“Usiseme hivyo,” alisema. “Nakuomba, fundi, usiseme hivyo.”

Nicanor aligeuka akatazama barabara. Kisha, polepole, akavua saa yake mwenyewe mkononi na kuilaza kwenye kitambaa. Ilikuwa na viduara vitatu na mshale mwekundu.

“Hii yangu ni feki,” alisema, masikio yamemwiva. “Nimewadanganya watu wa ofisi miaka mitatu. Hebu angalia ndani, springi yaweza kufanana.”

Abdulbasit aliifungua. Ilisikika tupa tu: mara mbili, mara tatu. Halafu kidole cha fundi kikabonyeza kitufe, na mshale mwekundu ukaruka kutoka juu, ukaanza kuzunguka.

“Alhamdulillahi!” fundi alipiga kelele kama mtu aliyefunga bao.

Lamis alinyoosha mikono yote miwili kuipokea. Mkono wa kushoto uliishia njiani. Kifundo chake kilikuwa kimepinda upande, na hakikunyooka.

“Huo mkono?” fundi aliuliza.

“Ulivunjika. Haukuungwa vizuri.”

Fundi hakutaka malipo. “Mwambie bwanako ana bahati,” alisema. “Wanawake wa namna yako wameadimika.”

“Nitamwambia,” Lamis alisema.

Alikimbia. Alipita vichochoro buibui likimpepea, watu wakimpisha, saa ameikumbatia kifuani. Alifika zikiwa zimebaki dakika nne.

Hussam alikuwa tayari ndani, kwenye kiti karibu na dirisha, kanzu yake imepigwa pasi. Alipomwona anahema vile, akatabasamu.

“Inakwenda yote?” aliuliza. “Au nijiendee zangu?”

Lamis aliiweka saa mezani, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba. Mshale mwekundu ukaanza mbio zake. Hussam akaacha kutabasamu.

“Mahari uliyonipa haya hapa, mazima,” Lamis alimwambia mbele ya kadhi. “Sasa niache.”