Mluzi Ambao Pimbi Hakuupiga

Siku za kale, Pimbi alikuwa akikaa juu ya mwamba, na kazi yake ilikuwa kupiga mluzi kila alipomwona Tai, ili waliokuwa wakila chini wajifiche. Alikuwa mcha Mungu, na kila asubuhi aliomba apewe moyo wa kusamehe.

Siku moja Kanga, mwenye vifaranga sita na mdomo usiopumzika, alimwambia mbele ya wote, "Mluzi wako unatushtua bure. Umezeeka, kila kivuli unakiita Tai."

Wenzake wakacheka. Pimbi aliumia sana, akajisemea moyoni, "Kesho nitanyamaza. Atanitambua."

Kesho yake Tai alikuja kweli. Pimbi alimwona mapema, akafunga mdomo. Tai akashuka, akapaa na kifaranga mmoja.

Jioni Kanga alipanda mwambani, macho yamemvimba kwa kulia, amebeba majani mabichi. Akayaweka mbele ya Pimbi.

"Nisamehe kwa maneno ya jana, kaka yangu. Leo uliponyamaza nilijua unaumwa. Nimekuombea."

Pimbi alitamani sana kuitikia kwamba anaumwa. Akainamisha kichwa.

"Siumwi, dada. Nilimwona."

Kanga alirudi nyuma hatua moja. Kisha akayasogeza yale majani karibu naye zaidi.

"Kula," alisema kwa sauti ndogo. "Hawa watano bado wanakuhitaji."

Akashuka taratibu. Pimbi alitafuna jani moja, akalitafuna tena, lakini halikupita kooni.